Mfuko wa mabaki ya bluu kutoka kwa fundi cherehani: unatosha mfarishi wa viraka?

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka wa rangi moja hapa Mwanza, bluu ndiyo rangi ya kuanza nayo, na sababu ni sare. Sketi na kaptula za shule za msingi ni bluu iliyokoza, kwa hiyo fundi mwenye oda za sare habaki bila pembe na mikanda ya bluu chini ya cherehani. Wapo wanaoyakusanya mabaki hayo na kuyauza kwa mfuko. Tumefungua mfuko mmoja wa kilo 2 kutoka kwa fundi wa katikati ya jiji, tukachambua kipande kwa kipande, kisha tukashona miraba ya majaribio. Mfuko una thamani, ila peke yake hautoshi.

Karibu nusu ya uzito ilikuwa tetroni ya sare, yaani kitambaa chenye nyuzi za poliesta. Kulikuwa pia na bitana inayoteleza, jinzi nzito kidogo, na utepe mwembamba chini ya inchi 1 ambao hauna kazi hapa. Pamba ya kweli, yaani vitenge na vipande vichache vya kanga, ilifika gramu 700 hivi. Hiyo ndiyo uliyonunua hasa.

Kuitambua pamba, chomoa nyuzi mbili za kitambaa na uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Tetroni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usizichanganye kwenye mraba mmoja: pamba ikifuliwa inarudi, tetroni hairudi, na mraba uliotoka umenyooka unajikunyata. Tena pasi ya moto unaofaa pamba huiachia tetroni alama ya kung'aa isiyotoka.

Kasoro kubwa zaidi ya mfuko huu huioni mpaka umeshashona: vipande vingi vimekoza sawasawa. Mfarishi wa rangi moja unasimama kwa tofauti ya kukoza na kupauka, si kwa wingi wa maua. Ukiweka bluu nzito karibu na bluu nzito, mishono yote inapotea na kazi yako inaonekana kama blanketi tupu. Panga vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vinavyofanana kwenye picha hiyo vitafanana kitandani, hata kama kimoja kina samaki na kingine kina maua. Tenga mafungu matatu: vilivyokoza, vya kati, vilivyopauka. Fungu la tatu kwenye mfuko wetu halikujaza sahani.

Dawa yake iko soko la Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Tafuta mashati mawili ya kiume ya bluu ya anga, yenye mistari au drafti ndogo, na usome lebo ya ndani ya kola: iwe pamba asilimia 100. Shati moja, ukiondoa kola, vifungo na mishono, linatoa gramu 150 hivi za kitambaa kilichopauka. Kitambaa kilichokwisha kufuliwa mara nyingi kina faida nyingine, kwamba hakirudi tena.

Vitenge vipya vifue kwanza, peke yake, mpaka maji yawe safi. Chumvi na siki haviizuii rangi kuchuja, ingawa wengi huviamini. Ukiona kipande bado kinatia maji rangi baada ya kufuliwa mara tatu, kitoe kabisa, kwa sababu kitaharibu mashati yako yaliyopauka. Anika kivulini. Kuanika juu ya miamba yenye jua kali kunapausha bluu upande mmoja.

Kushona kwenyewe tunapendekeza mikanda ya viraka ishonewe juu ya marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, si juu ya gazeti. Wino wa gazeti hupanda kwenye vitambaa vilivyopauka ukipiga pasi. Marekani nayo ifuliwe kabla, maana inarudi sana, kisha ikatwe miraba ya inchi 13. Weka ukanda wa kwanza kutoka kona hadi kona, uso juu. Laza wa pili juu yake, uso chini, kingo zilingane, shona robo inchi kutoka ukingoni, funua, piga pasi. Endelea hivyo pande zote mbili mpaka kona zijae. Mikanda iwe kati ya inchi 1½ na 2½, na isilingane upana. Ikilingana, kazi inapooza. Ukanda wa katikati uwe wa fungu lililopauka kila mara: ukiunganisha miraba minne, mikanda hiyo inachora umbo la almasi.

Punguza urefu wa mshono hadi milimita 2, ili nyuzi zisifumuke utakapokata kingo. Pasi ikandamize, usiiburute, kwa kuwa ukanda uliokatwa mshazari unavutika na mraba unapinda. Mwenye pasi ya mkaa aifute vizuri chini kila mara, kwani doa la masizi kwenye bluu ya anga halifichiki. Mwishoni pindua mraba, pima kwa rula, kata ubaki inchi 12½. Ikishaunganishwa kwa mshono wa robo inchi, kila mraba unakuwa futi moja kamili.

Hapo hesabu inakuwa rahisi. Godoro la nne kwa sita linataka miraba 24, la tano kwa sita 30, na hapo umefunika juu tu bila kuning'inia. Mraba mmoja ulikula gramu 30 hivi za viraka, kwa hiyo pamba ya mfuko ilitoa miraba 23. Mashati mawili yakaongeza 10. Marekani ya upana wa inchi 45 inatoa miraba mitatu kwa mstari, hivyo yadi 4 zinatosha miraba 30.

Ukienda kununua, mwombe fundi akuruhusu kumwaga mfuko sakafuni kabla ya kupatana bei. Akikataa, ingiza mkono hadi chini: tetroni huwa imejaa huko na vitenge vimewekwa juu. Akikubali kukupimia vitenge tu, lipa hata mara mbili kwa kilo, bado utakuwa umepata nafuu. Tetroni iliyobaki ishone mifuko ya kubebea, maana haichakai upesi.