Kipimo cha mishipa ya ubongo: na mashine sina ugomvi

Mwanangu ana miaka 6 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto wa namna yake, kuanzia miaka 2 hadi 16, hushauriwa kupimwa mishipa ya ubongo kwa ultrasaundi kila mwaka ili hatari ya kiharusi igundulike mapema. Ndiyo maana asubuhi moja ya baridi, miezi kadhaa iliyopita, tulitoka Himo alfajiri kwenda Moshi mjini, katika kituo ambacho sitakitaja, mtoto akiwa amefungwa khanga mbili juu ya sweta.

Tuliitwa ndani saa sita. Mpimaji, binti mdogo tu, hakuitikia shikamoo ya mtoto. Alimlaza, akampaka jeli ya baridi kwenye panja bila kumwambia neno, na mtoto aliposhtuka na kulia, alinigeukia: “Mama, mnyamazishe mwanao, nina foleni.” Kisha simu yake ikaita, akaipokea, akazungumza habari za mkopo wa kikoba huku mkono wa pili ukikandamiza kifaa kwenye panja la mwanangu. Jeli ilitiririka hadi sikioni, nikaifuta kwa pindo la khanga.

Jibu likawa 188. Hiyo ni kasi ya damu kwa sentimeta katika sekunde. Mshipa ukibana, damu hukimbia zaidi, kama maji ya mpira ulioubana kwa kidole. Chini ya 170 ni salama, 200 na kuendelea ni hatari, na hapo katikati mtu hupimwa tena. Daktari wa kliniki aliponiuliza kama mtoto alikuwa ametulia, nilicheka kwa uchungu, kwani alinieleza kwamba kilio, usingizi na hata homa vinaweza kuipotosha namba hiyo. Majuma yote ya kungoja, kila mtoto alipojikwaa nilimtazama mdomo kama umepinda.

Tuliporudi tulimkuta mzee mmoja. “Marahaba, mjukuu wangu. Unataka kuisikia damu yako?” Akafungulia sauti, fyuu, fyuu, na mtoto akatulia macho wazi, akisikiliza. Safari hii ilikuwa 159.

Nilikuwa nimeazimia kuwaambia wazazi wenzangu wasikanyage pale, na sasa sijui niseme nini, kwa maana kipimo chenyewe hakina sindano wala mionzi, na yule mzee ningempa maksi zote. Lakini aliyemkabidhi yule binti kifaa ni nani, kama si kituo hichohicho? Pengine namwonea, huenda alikuwa hajanywa hata chai tangu asubuhi. Lakini kikoba, jamani?

Nimeuliza mapokezi nani atakuwa zamu tarehe yetu ijayo, nikajibiwa kwamba wagonjwa hawachagui. Basi nitachungulia mlangoni kwanza, na nikimwona yule binti tutageuza kurudi Himo. Hapana, hatutageuza. Tutaingia, na simu yake nitamwomba nimshikie mimi.