Ukurasa wa ptrace kwenye Linux: kila kitu kipo, kukipata ndo shughuli (nyota 3 kati ya 5)

Madogo wa UDOM na wengine hapa Dom mnaotaka kujitengenezea dibaga yenu (programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine) kwa C, mtakutana tu na man 2 ptrace, yaani ukurasa wa mwongozo wa ptrace, njia ya Linux ya prosesi moja (programu inayoendeshwa) kuifuatilia na kuidhibiti nyingine. Sifa zake kwanza: hauli bando, ukishakuwa kwenye mashine hata ukienda Kongwa mtandao unasuasua wewe unasoma. Halafu haufichi kitu, hadi madhaifu ya ptrace yenyewe umeyaanika kwenye sehemu ya BUGS.

Tatizo mpangilio aisee. Unakupokea na orodha ndeeefu ya rikwesti, PTRACE_hii PTRACE_ile, wakati maelezo ya prosesi inasimamaje, ambayo ndo roho ya kila kitu, yako chini huko watu washachoka. Stendi ya Nanenane angalau kuna wapiga debe.

Mfano PTRACE_PEEKDATA, inasoma neno moja la memori ya prosesi unayoifuatilia. Ukipitia glibc (maktaba ya C ya Linux) ile data inarudi kama jibu la fankisheni yenyewe, sasa ukipata -1 inaweza kuwa era (kosa) au inaweza kuwa ndo data halali iliyokuwepo pale, kwa hiyo errno (namba ya kosa) unaiweka 0 kabla ya kuita halafu unaikagua baadaye. Wameandika ndiyo, ila kwenye sehemu ya RETURN VALUE, mbali kabisa na PEEKDATA inapoelezwa! Na ukiita kerneli (kiini cha Linux) moja kwa moja bila glibc mambo yanageuka, data inaandikwa kwenye anwani uliyoipa wewe.

PTRACE_ATTACH, ya kuishika prosesi, nayo ikirudisha 0 usidhani prosesi imeshasimama, imetumiwa SIGSTOP tu (ishara ya kusimama), unasubiri isimame kwa fankisheni ya waitpid. Tena inashika tredi moja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), sio programu nzima. Hapa niwape haki yao, wamelisema wazi.

Kuingia na kutoka kwenye sistimu koli (programu inapoiomba kerneli kitu) ndo kero kubwa, visimamo viwili vinafanana na unatakiwa uhesabu mwenyewe, hadi Linux 5.3 ilipoleta PTRACE_GET_SYSCALL_INFO.

Mimi ningesema ruka orodha, nenda kwenye sehemu ya Stopped states kwanza, halafu badala ya ATTACH tumia PTRACE_SEIZE (ipo tangu Linux 3.4) maana haiisimamishi prosesi kwa nguvu. Ukipigwa EPERM (kosa la kunyimwa ruhusa) kwenye Ubuntu cheki /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope, ikiwa 1 utashika tu prosesi zilizozaliwa na yako, labda uwe na sudo au yenyewe ikuruhusu.