Onyesho la okestra na violini hapa Tabora: nendeni, ila kaeni mbele

Kwa wanaouliza kama waende likirudiwa: nendeni, na mfike mapema.

Mjue tu kwamba ni rekodi, okestra yenyewe haikuja Tabora. Ukumbi wa kanisa, projekta, ukuta mweupe, spika mbili kubwa, kiingilio shilingi elfu tatu. Spika ndizo zilizonitia wasiwasi, maana ni zilezile za harusi. Na kweli, kwenye Hebrides, muziki wa utangulizi wa mtunzi Mendelssohn, besi ilizidi mpaka mawimbi ya bahari ya Uskoti yakawa ngurumo tupu. Kijana wa mitambo aliishusha watu walipolalamika. Kazi hiyo ifanywe kabla milango haijafunguliwa.

Kisha ikaja konseto ya violini ya Mendelssohn huyohuyo, yaani kazi ya violini moja ikipigwa pamoja na okestra. Alimwandikia rafiki yake mpiga violini Ferdinand David mwaka 1838 kwamba wimbo wa mwanzo wa konseto hiyo haumpi raha kichwani, akaja kuimaliza 1844. David ndiye aliyeipiga mara ya kwanza, Leipzig, Machi 1845. Ukiusikia mwanzo huo unaelewa kwa nini haukumwacha. Okestra inatetemeka kidogo tu, violini imeshaingia, juu, na wimbo wote ni wake. Naimba alto kwaya ya parokia, nimezoea sauti nne zinazobebana. Sauti moja kubeba kundi zima bila kupaza, hilo lilinitoa machozi.

Katikati ya sehemu ya kwanza okestra inanyamaza kabisa. Enzi zile watunzi wengi walimwachia mpigaji abuni mwenyewe hapo. Mendelssohn aliandika kila nota. Upinde unaanza kurukaruka kwenye nyuzi zote nne, na kabla haujatulia okestra inarudi polepole na ule wimbo wa mwanzo, violini ikiendelea kurukaruka juu yake. Aliyekuwa anaongoza sasa anasindikiza! Kamera ilikuwa karibu na mkono wa yule dada mpigaji. Unywele mmoja wa upinde ulikatika ukaning'inia. Akasubiri pumziko fupi, akaunyofoa bila hata kuutazama.

Sehemu hiyo ilipoisha mama jirani yangu aliinua mikono apige makofi, lakini muziki haukumpa nafasi. Ala moja ya kupuliza, basuni, inabaki imeshikilia nota moja, na ndani ya nota hiyo sehemu ya pili, ya taratibu, inaanza. Mama wa watu akashusha mikono, akatulia. Hata ya tatu imeunganishwa. Ukumbi wa Tabora kukaa kimya karibu nusu saa, simu zimo mifukoni, sikutegemea.

Baada ya mapumziko ilikuwa simfoni ya tisa, kazi ndefu ya okestra nzima, ya mtunzi Dvořák, aliyoitunga akiwa Marekani, 1893. Nzuri mno, hasa sehemu ya pili, ila mshereheshaji alikuwa anaanza kuongea kabla sauti ya mwisho haijaisha. Ndugu, tuachieni hata sekunde kumi.

Waandaaji, mkirudia tuwekeeni konseto ya kwanza ya violini ya mtunzi Bruch, na mchapishe karatasi yenye majina ya kazi na watunzi, watu wajue wanasikiliza nini. Bodaboda nazo zikaegeshwe upande wa barabarani, zisikae chini ya madirisha.