Magunia manne ya chokaa na pojo zangu za Mwakirunge

Ukimwambia mtu wa Mombasa umenunua chokaa ya kutia shambani, atakucheka. Mji wenyewe umekaa juu ya matumbawe, na tumbawe ni chokaa tupu. Hata mimi nilicheka, mpaka udongo wangu wa Mwakirunge, huku Kisauni, ulipopimwa ukatoka pH 5.1, yaani una asidi nyingi, na chokaa ndiyo huipunguza. Kipande changu ni mchanga mtupu, mvua huuchuja, na mimi mwenyewe nilikuwa nautia mbolea ya DAP kila msimu, nayo huzidisha asidi.

Dukani nusura nipotee. Kijana aliniletea chokaa ya kujengea: "Chokaa ni chokaa, mama." Si kweli! Hiyo imechomwa, inaunguza mikono na mizizi. Ya shambani ni jiwe lililosagwa tu. Bei ya gunia haikuniuma, iliyoniuma ni nauli ya pikapu. Tena gunia moja lilijaa chenga kama za mchele, na chenga huchelewa kufanya kazi. Taka unga laini.

Januari nilimwaga magunia manne ya kilo 50 kwenye robo ekari, nikachanganya kwa jembe, nikangoja masika. Mstari mmoja niliuacha bila chokaa, kwa ubishi tu.

Wiki ya sita baada ya kupanda niling'oa mche wa pojo kila upande. Wa ule mstari usio na chokaa ulikuwa na mizizi mifupi, minene, na vinundu (vijiuvimbe vya mizizini wanamokaa bakteria) vya kuhesabika. Nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani cheupe. Wa penye chokaa, vinundu vimesongamana kwenye mzizi mkuu, ndani vyekundu kama nyama ya jodari. Wekundu huo ndio dalili kuwa bakteria wanavuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Asidi ikizidi, alumini huyeyuka udongoni ikaumiza mizizi, bakteria wakapungua, na molibdeni, madini wanayoyahitaji, ikawa haipatikani. Mbolea ya naitrojeni sikutia hata kijiko, na majani yalikoza kijani.

Kunde hazikuonyesha tofauti ya maana, maana zenyewe huvumilia asidi. Kama unapanda kunde pekee, pesa zako kanunulie mahamri. Na shamba likiwa juu ya matumbawe, chokaa usiiguse kabisa: pH iko juu tayari, utaongeza uhaba wa chuma na zinki, majani yawe manjano.

Ule mstari wa ubishi nimeutengea chokaa yake kabla ya vuli.