TAHADHARI: Muuza vyuma vya boti wa Mombasa, msinunue kwake hata pini moja

Jamani wenzangu wenye mashua na katamarani, zile boti za maganda mawili, kuanzia Watamu na Kilifi mpaka Diani, someni haya kabla hamjamtumia yule mtu pesa. Siku nne nimeshindwa kuandika kwa aibu. Ya Jumapili, mlingoti wa katamarani yangu ulipotuangukia baharini, mnayajua, na wengine ndio mliotuvuta mpaka Mnarani, Kilifi, Mungu awalipe, kwa hivyo sirudii. Ninachotaka mjue ni kilichouangusha mlingoti. Si upepo wa kaskazi. Wala si mimi kukaza waya kupita kiasi, kama mmoja wenu alivyosema pale ufuoni mbele ya watu. Ni kipete cha waya, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Wenye Hobie 16, katamarani ndogo ya tanga kama yangu, mnaelewa. Mlingoti mzima umeshikwa na waya tatu, mmoja wa omo, yaani mbele, na mmoja kila ubavu. Chini ya waya kuna kibamba chenye safu ya matundu, pini inapita hapo, kipete kinaizuia pini isichomoke. Kipete kikienda, pini inafuata, na mlingoti unafuata pini. Vibamba vyangu vya zamani matundu yake yalishalika yakawa kama yai, na pini zimeliwa kiunoni. Sikutaka kuingia kaskazi navyo. Nilikuwa najilinda, wallahi, nilikuwa nafanya jambo la busara!

Nilikutana na muuzaji huyo Likoni, kwenye kibanda cha chai karibu na feri. Alikuja na mfuko wa turubai, akatandika gazeti mezani, akavipanga vyuma kimoja kimoja kama mtu anayepanga dhahabu. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Mlingoti wako ni ule wa kuzunguka, sivyo? Basi usichukue vya kawaida, kaka." Asiyejua boti hawezi kuuliza swali hilo. Hapo nikalainika. Akatoa sumaku ndogo ya duara mfukoni, akaigusisha kwenye pini. Haikushika. Akaiachia, ikateleza ikaangukia sahani ya mahamri. Akanipa nijaribu mwenyewe, nikajaribu mara tatu. "Hii stenlesi 316," akasema. "Chumvi haiijui."

Ikaadhiniwa alasiri. Akainuka, "Niangalizie vitu vyangu, nakwenda kuswali," akaniachia mfuko mzima. Mnaoniuliza nilimwaminije, jibu ni hilo. Mtu anakuachia mali yake yote anaelekea msikitini, utamdhania vipi? Niliona haya hata kuomba anipunguzie.

Aliporudi akanipa pakiti yangu, imefungwa kwa moto pembe zote, na karatasi ya maandishi ya Kiingereza ndani. Nikataka kuifungua. Akaweka mkono juu ya mkono wangu. "Usiifungue hapa, upepo wa bahari utakausha mafuta yake. Kaifungue siku ya kufunga." Nikamsikiliza. Mimi niliyekulia baharini naambiwa chuma cha baharini kitaharibiwa na upepo wa bahari, na mimi naitikia ndiyo. Neno hilo linaniuma kuliko zile shilingi 18,400 nilizomtumia kwa M-Pesa pale pale. Na vile vya zamani akavichukua. "Niachie hivi, nikutupie."

Wiki ya tatu nikaona michirizi ya kutu chini ya pini. Nilidhani ni uchafu wa juu tu, nikasugua kwa ndimu, ikang'aa, nikaridhika. Hapo nilikosea, nakiri. Jumapili kipete cha upande wa goshini, unakotoka upepo, kikakatika. Mwanangu alikuwa amekaa demani, upande unakoelekea upepo, na mlingoti wa mita 8 ukashuka kumfuata. Umempiga bega. Ungekuwa kichwa ningekuwa naandika mengine leo.

Usiku ule nilipasua spika ya redio mbovu nikatoa sumaku. Pini zilizobaki ziliirukia. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'ao! Ile pini ya mezani ilikuwa nyingine, ya kuonyeshea watu. Na ile "316" kwenye vibamba imegongwa kwa mkono: 1 imelala, 6 imepanda juu ya wenzake.

Hayajaisha. Juzi dada mmoja wa Watamu amenitumia picha ya vibamba "vipya" alivyouziwa na huyo huyo. Vimesuguliwa vikang'aa, lakini matundu ni yai, na ubavuni pana alama tatu za tupa. Alama hizo nilizitia mimi mwaka juzi ili nijue tundu langu la kukazia. Vile alivyosema anitupie! Anachukua vichakavu vyenu, anavisafisha, anawauzia wenzenu wabebe watoto wao.

Huyu si mfanyabiashara, ni muuaji anayesubiri siku yake. Nimeandikisha kituo cha polisi, namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ninayo. Waliotapeliwa naye tuandamane siku moja, tusiende mmoja mmoja. Asikanyage gati lolote, manahodha wasimpe hata maji ya kunywa mpaka afikishwe kortini alipe, na afungwe. Nasema afungwe. Bega la mwanangu limevimba mpaka leo.

Mnaouliza mtamjua vipi: hataki pakiti ifunguliwe mbele yake, ana haraka ya feri kila wakati, risiti haina anwani, na anang'ang'ania vyuma vyako vya zamani. Sumaku nendeni na yenu, mjaribu kile mnachopewa, si kile mnachoonyeshwa. Hata isiposhika si ushahidi kamili, maana fundi ameniambia stenlesi ya aina ya 304 nayo kwa kawaida haishiki, ila chumvi huila. 316 ina molibdenamu, ndiyo inayoifanya ihimili bahari, na hiyo huioni kwa jicho.

Namba yake na picha zote atakayetaka nitamtumia faraghani. Aliyenunua kwake tangu Oktoba asitweke tanga kesho. Toa pini zote, na vipete vyote, hata vile vinavyong'aa.