Kipimo cha mwanga cha risasi kwenye maji: uzoefu wangu Chake Chake

Kipimo hiki nilikinunua kwa ajili ya risasi tu, yale madini yenye sumu. Maji yetu yanatoka kisimani, yanapandishwa tangini kwa pampu, kisha yanashuka kwa mabomba ambayo hata fundi hajui yaliwekwa lini. Ndani mna mtoto mchanga wa maziwa ya kopo. Risasi haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Unatia dawa kwenye maji, dawa inashikana na risasi na kutoa rangi. Unamimina kwenye kichupa cha kioo, unafunika, mashine inapitisha mwanga na kupima kiasi kilichomezwa na ile rangi. Changu kinasoma maikrogramu 5 hadi 150 kwa lita, na ndiyo sababu nikakichagua, maana kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Vipo vya bei rahisi vinavyoanza kusoma juu ya hapo. Kwa maji ya kunywa sivitaki hata vya bure.

Kichupa kifutwe sawasawa. Alama ya kidole, au kipovu kilichoganda kwenye kioo, namba inapanda. Maji ya tope nayo yanakidanganya.

Sasa faida yake. Maji ya kwanza ya alfajiri, yaliyolala bombani usiku kucha, yalisoma 23. Nikauacha mfereji ukamwagika ndoo nzima, nikapima tena: 7. Ya kisimani yenyewe, chini ya 5. Kumbe tatizo ni mfereji wa shaba na viungo vyake, na majirani walishaanza kusema kisima kifukiwe! Mama mkwe, ambaye marehemu mumewe ndiye aliyekichimba, alipoziona namba alisema, "Mwanangu, mie nilijua." Mfereji tumeubadilisha, na maji ya mtoto tunateka baada ya kumwaga yale ya mwanzo.

Kinachoniudhi ni dawa. Naagiza Dar es Salaam, zina tarehe ya mwisho na hazitaki joto. Isitoshe, dawa ya risasi haikuonyeshi zebaki, arseniki wala kadimiamu. Madini mengine yakizidi majini nayo yanaharibu namba, kwa hiyo ukipata namba kubwa peleka sampuli maabara kabla hujavunja ukuta.

Mashine moja inatosha mtaa mzima. Changeni, kila nyumba inunue dawa yake.