Wimbo wa Freddie umekatwa mji aliozaliwa

Juzi kati nilipanda boti kutoka Dar kwa jambo moja tu: matembezi ya Mji Mkongwe, Unguja, yanayoeleza Bohemian Rhapsody, wimbo wa Freddie Mercury na bendi yake ya Queen, ilitoka wapi. Wimbo huu ninao moyoni tangu sekondari. Nikalipa pesa kamili, sikuomba hata kupunguziwa.

Mwongozaji wetu si papasi wa kukamata wageni mtaani, kitambulisho kilimning'inia shingoni. Tulipofika Shangani akawaambia wageni kwamba Freddie aliutunga pale pale, juu ya paa, akililia Mapinduzi. Nikamwambia, samahani kaka, akina Bulsara, familia yake Freddie, waliondoka Zanzibar 1964, na wimbo ulirekodiwa 1975, kwanza studio ya Rockfield kule Wales. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Dada, umekuja kutembezwa au kutembeza?"

Hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni kile kispika chake. Kauweka wimbo, piano ikapita, gitaa la Brian May wa Queen likalia, zikaingia sauti za opera. Jamani, kipande kile kiliwala wiki tatu! Watu watatu tu, Freddie, May na mpiga ngoma wao Roger Taylor, wanaimba juu ya sauti zao wenyewe, tena na tena, mpaka utepe wa kurekodia ukalika. Ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Yale majina yanayoimbwa humo, Scaramouche akapita, Galileo akapita. Mimi nasubiri neno moja, lile ambalo mtoto wa mji ule hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Likatoka "Bismi..." akazima. Eti duka la viungo linatusubiri.

Sisemi neno lile alilitoa Unguja. Wazazi wake walikuwa Waparsi, Wazoroasta, na yeye mwenyewe alipelekwa bweni Panchgani, India, angali mdogo. Maana ya wimbo alikataa kuieleza. Lakini alizaliwa pale, kwenye mji wa adhana, na mimi nilivuka bahari nilisikie neno lile pale. Mwaka 1975 kampuni ya santuri ilisema karibu dakika sita ni ndefu mno kwa redio, bendi ikagoma kuukata. Leo umekatwa na mtu wa kwao.

Nilikuwa naandika msiende kabisa. Ila kulikuwa na mzee barazani, kofia ya kiua, kidole kinagonga bakora kufuata piano. Wimbo ulipokatika akasema taratibu, "Mwache umalize, mwanangu." Kwa ajili ya mzee yule nasema nendeni, vichochoro vile vinastahili. Nendeni wenyewe, na simu zenu, mkae barazani msikilize mpaka mwisho.

Na hao wenye matembezi? Nilitaka kuwapa nyota mbili, kwa sababu walifika kwa wakati. Hapana, moja. Mwongozaji hata hakugeuka kumwangalia yule mzee, alishaanza kuhesabu watu wa kuingia dukani. Nataka nusu ya pesa yangu. Nimeshawaandikia mara mbili, kimya.